Fundi Maduhu na Magongo Mafupi ya Mwaka 2020

Na Scolastika Mihayo, Chumba cha Mazoezi ya Viungo

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Maduhu Lubinza atatundika msumeno wake ukutani na kukabidhi ufunguo wa karakana ya hospitali yetu. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na sita na karibu miezi mitatu. Siku hiyo ndiyo anatimiza miaka sitini kwa mujibu wa karatasi. Kwa mujibu wa mama yake, alizaliwa wakati wa kuvuna pamba, na tarehe yenyewe aliitoa mwalimu wa darasa la kwanza aliyetaka kumaliza kujaza daftari kabla ya kengele. Kwa hiyo inawezekana tunamuaga mapema kidogo, au tumechelewa.

Alikuja kwetu Kahama mwezi Aprili 1989 akitokea Isaka, alikokuwa akitengeneza masanduku ya mbao ya mizigo pale stesheni. Aliitwa kwa miezi mitatu tu, arekebishe madirisha ya wodi ya wazazi, ambayo yalikuwa yakigonga kwa upepo hadi vichanga wanashtuka. Alimaliza kwa wiki tano. Sista msimamizi akamwonyesha vitanda. Baada ya vitanda ikaja milango, baada ya milango mabenchi, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba miezi mitatu imekwisha. Yeye naye hakuuliza.

Wanaomjua watanidai habari ya kabati, basi niimalize mapema. Mwaka 1996 alitengeneza kabati la dawa la mninga, lenye droo arobaini na mbili, kazi ya miezi miwili. Lilipokamilika ndipo ilipogundulika kuwa limeuzidi mlango wa famasi kwa inchi nne. Maduhu alilitazama kabati, akautazama mlango, akaenda kunywa chai. Aliporudi aling'oa mlango pamoja na fremu yake, akabomoa tofali kadhaa, akaliingiza kabati, akajenga mlango mwingine. Ndiyo maana hadi leo famasi yetu ina mlango ambao ng'ombe wawili wanaweza kupita sambamba.

Kazi iliyolitangaza jina lake ni magongo ya kwapani. Miaka ile ya tisini wachimbaji wadogo walikuwa wakiletwa kutoka machimboni wakiwa wamevunjika miguu, na magongo ya chuma yalikuwa machache kuliko miguu. Maduhu akaanza kuyatengeneza kwa mbao. Kwapani aliweka sponji na kitambaa, chini alifunga mpira aliokata kwenye matairi chakavu ya malori ya Isaka. Baadaye zikaja pikipiki, na vijana wa bodaboda wakawa wateja wake wakubwa. Kila mmoja alimpima kwa futikamba na kumwandika katika daftari la shule: jina, anakotoka, alivunjika vipi, urefu wa gongo kwa sentimita. Madaftari hayo sasa yamefika kumi na saba.

Wazee aliwatengenezea fremu ya kutembelea, ile ya miguu minne ambayo mtu huishika kwa mikono miwili na kuisogeza mbele yake. Wagonjwa waliibatiza jina la mbuzi. Mzee mmoja wa Ushetu aliwahi kuwapigia simu wanawe kwamba hospitali imempa mbuzi, na walipokuja kumchukua walikuja na kamba.

Jeneza hakuwahi kutengeneza, ingawa aliombwa mara nyingi na watu wenye shida ya kweli. Aliwaelekeza kwa mafundi wa mjini, akawasindikiza hadi getini kwa heshima. "Mimi kazi yangu ni ya wanaotoka kwa miguu," alikuwa akisema.

Lakini nikiulizwa Maduhu ni nani na mtu asiyemjua, huwa namweleza mwaka 2020.

Machi mwaka ule, korona ilipoingia nchini, shule zilifungwa na mikusanyiko ikapungua. Nchi haikufungwa kabisa kama kwingine, lakini nyumba nyingi zilijifunga zenyewe. Watu waliogopa hospitali. Koridoni tulikuwa tunasikia viatu vyetu wenyewe. Mimi nilikuwa palepale nilipo sasa, katika chumba cha mazoezi ya viungo, na nilidhani nitapata nafasi ya kupanga makabrasha yangu.

Siku moja mwishoni mwa Aprili Maduhu aliingia na daftari kwapani, barakoa imeshuka kidevuni.

"Scola, watu wamefupika," alisema.

Nilidhani anatania. Akafungua daftari juu ya kitanda cha mazoezi.

"Soma sentimita. Huu ni Aprili mwaka jana. Mia thelathini, mia thelathini na mbili, mia ishirini na tisa. Hao ni vijana. Haya soma mwaka huu."

Nikasoma. Mia na kumi na nne, mia na nane, mia na kumi. Chini yake kulikuwa na fremu kumi na moja katika wiki tatu, na kwa kawaida alikuwa akitengeneza mbili kwa mwezi.

"Ni wazee," nikasema.

"Ni wazee. Na ukisoma hapa kwenye 'alivunjika vipi', karibu wote wameanguka ndani. Pikipiki naielewa. Shimo la dhahabu nalielewa. Hii ya ndani siielewi. Kuna jambo huko majumbani."

Niliona aibu, na sioni haya kuiandika leo. Wazee wale wote walikuwa wamepita mikononi mwangu, huyu na nyonga, yule na kifundo cha mkono, na mimi nilimhudumia kila mmoja na kumsahau alipokuja mwingine. Sikuwa nimewaweka pamoja.

Tukaenda kwa mganga mkuu wetu, Daktari Wiliam, ambaye wiki hiyo alikuwa akihamisha vitanda kuandaa wodi ya kutenga wagonjwa, na alikuwa hajalala vizuri. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Wazee huanguka, Fundi," alisema. "Ndiyo uzee."

"Mwaka jana pia walikuwa wazee, Daktari," Maduhu akajibu.

Daktari Wiliam alikaa kwenye ukingo wa kitanda kimojawapo. Aliomba daftari, akalisoma kurasa nne, kisha akatupa ruhusa: alasiri tatu kwa wiki, twende wawili, tuvae barakoa, na nyumba yenye mtu anayekohoa tusiingie.

Tulianzia Nyahanga kwa Bibi Lusia, mjane wa miaka sabini na sita. Alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, na hogo la plasta lilikuwa bado mkononi alipoanguka tena na kuumia bega. Tulimkuta ameketi kitandani mchana, dirisha limefungwa. Mwanawe anayefanya kazi mgodini Geita alikuwa ameagiza kwa simu asitoke na asipokee mgeni, na wajukuu walihamishiwa kwa shangazi yao wasije wakamletea ugonjwa. Aliagiza kwa upendo. Lakini mama huyo alikuwa amezoea kutembea kila asubuhi kwenda misa na kutoka huko kwenda kwenye viazi vyake, na sasa alikuwa na wiki sita za kukaa.

"Shikamoo, mama," Maduhu alisema akiwa mlangoni. "Uzee unakusumbua?"

"Marahaba. Siumwi uzee, mwanangu. Naumwa kukaa. Miguu imesahau."

Maduhu akamwomba aonyeshe alipoangukia. Mara zote mbili ilikuwa mahali pamoja, mlango wa sebuleni. Pale palikuwa na ndoo ya kunawia yenye koki, juu ya stuli, na kipande cha sabuni kwenye kisahani, kama kila nyumba ilivyoelekezwa. Koki ilikuwa ikidondosha. Maji ya sabuni yalitambaa juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi inang'aa. Maduhu alivua kiatu, akakanyaga taratibu, na mguu ukamkimbia. Kama si fremu ya mlango, tungerudi hospitalini na mgonjwa mwingine.

"Tumempata mkosaji mmoja," alisema, akivaa kiatu.

Katika nyumba kumi na nne tulizozitembelea wiki zile mbili za mwanzo, sita tulikuta ndoo imekaa hivyohivyo, na mzee ameangukia hapohapo. Wengine walikuwa wamepiga nyungu, wakajifunika blanketi juu ya mvuke, na waliposimama ghafla kizunguzungu kikawaangusha. Babu mmoja alijikwaa kwenye magunia ya mahindi ambayo mkwewe aliyarundika ukumbini akihofia njaa. Na karibu wote, waliovunjika na ambao bado, miguu yao ilikuwa imelegea kwa kukaa.

Hapo ndipo nilipoujua ufundi wa Maduhu. Ndoo aliitoa nje, akaiwekea kigoda imara na kumwaga kokoto chini yake. Sakafu laini aliipaka saruji yenye mchanga mkali, upana wa mkeka mmoja tu, hapo mguu unapokanyaga. Kutoka mlango wa nyuma hadi chooni alichimbia nguzo fupi na kupitisha juu yake mti aliousugua kwa msasa hata ukawa laini kama mpini wa jembe la zamani, mzee aufuate kwa kiganja. Kazi yangu ilikuwa miguu. Niliwapangia wazee kuzunguka uwanja wao asubuhi na jioni, ndani ya ua, mbali na watu. Bibi Lusia aliniambia hawezi kuhesabu mizunguko na kusali kwa pamoja, basi akahesabu kwa rozari, punje moja mzunguko mmoja. Baada ya wiki mbili alikuwa anamaliza makumi mawili kabla ya uji.

Tukitoka Nyahanga siku moja tukikokota baiskeli, Maduhu alianza kupunguza mwendo. Kisha akasimama katikati ya njia.

"Nami nimefanya hivyohivyo," alisema.

Mama yake mzazi, Bibi Kabula, alikuwa akiishi peke yake Runzewe, na umri wake ulikuwa umepita themanini. Kila Jumapili Maduhu alikuwa akimpigia simu na kumwambia maneno yaleyale ambayo mtoto wa Bibi Lusia alimwambia mama yake. Kaa ndani, mama. Usitoke. Na mama alikuwa akijibu kwamba amesikia.

Jumamosi alipanda basi la kwanza la Runzewe akiwa na mfuko wa zana. Habari hii ananiruhusu kuisimulia kwa sababu amekwisha kuisimulia mwenyewe kwa kila mtu. Alifika akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Aligonga, akaita, akazunguka nyumba. Ndoo ya kunawia ilikuwa imepinduliwa chini ya mwembe mdogo, kavu. Anasema alikaa juu ya ndoo ile, akaanza kuwaza ataanzia hospitali gani kuuliza. Akiwa amekaa hivyo akasikia mtu anaimba nyuma ya banda. Akainuka. Mama yake alikuwa ameinama katikati ya shamba, aking'oa karanga, kanga kiunoni, rundo lililokwisha kung'olewa likimfikia magotini.

"Mayu," Maduhu alisema, "si nilikwambia usitoke?"

"Uliniambia nisikae na watu," mama akajibu bila kuinuka. "Hapa unaona mtu? Hizi ni karanga."

"Na ukianguka?"

"Nitaangukia udongo. Umelimwa, ni laini." Ndipo akanyoosha mgongo na kumtazama. "Ng'wana wane, mwanangu, mbona umekonda? Huko Kahama mnakula?"

Maduhu alicheka hadi akalazimika kuegemea jembe. Kisha akavua shati la safari, akang'oa karanga hadi jioni. Siku ya pili alichimbia nguzo za njia ya chooni, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kwa maana mama alisema yeye si ng'ombe wa kuwekewa uzio. Maduhu akamwambia kwamba mti ule ni wa kuanikia nguo. Mama akaukubali. Anaanika nguo hadi leo, na akienda chooni kiganja kinapita juu yake.

Aliporudi kutoka Runzewe alikuwa mtu mwingine kwa haraka yake. Alikuwa akifika karakana kabla ya jua, jambo ambalo wanaokumbuka mahudhurio yake ya kikao cha asubuhi hawataliamini. Na wiki iliyofuata ndiyo likatokea la Mzee Taherali.

Duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Taherali liko katikati ya mji, na Maduhu amenunua skrubu pale tangu wiki yake ya kwanza ya kazi. Mzee ni mzaliwa wa Kahama, Kisukuma chake kinawashinda vijana wetu wengi. Miaka yote wamekuwa wakisalimiana kila mmoja kwa lugha ya mwenzake. Mzee husema "Mwadila, Maduhu," naye Maduhu hujibu "Salaam aleikum, mzee." Alhamisi hiyo nyuma ya kaunta alikuwepo mwanawe tu, Altaf, nyuma ya karatasi ya nailoni iliyotundikwa kuzuia pumzi za wateja.

"Mzee hajambo?" Maduhu aliuliza.

"Yupo juu. Msuli umemvuta, anapumzika."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

"Anashuka?"

Altaf alianza kupima misumari ambayo hakuna aliyeiagiza. "Hata kitandani hashuki, Fundi," alisema mwishowe. "Aliteleza bafuni alfajiri akijiandaa kusali."

Maduhu aliomba kupanda. Ngazi zilikuwa kumi na sita, alizihesabu, na hazikuwa na mti wa kushika. Alisimama kwenye mlango wa chumba, barakoa imekaza. Mzee Taherali, miaka sabini na minane, alikuwa amelala chali, macho yameingia ndani. Alisema "Mwadila" kwa sauti ndogo. Maduhu akaomba shuka liinuliwe hadi magotini, akaitazama ile miguu miwili, akarudi ukumbini walikosimama Altaf na mkewe Khushbu, Mama Anar.

"Mimi si daktari," aliwaambia. "Lakini nimepima miguu ya watu kwa miaka thelathini na mmoja. Mguu wa kushoto umefupika, na vidole vimegeukia ukutani. Huo si msuli. Hiyo ni nyonga."

Khushbu alikuwa analia bila sauti. "Hospitali ndiko ugonjwa uliko," alisema. "Baba ana kisukari. Tukimpeleka, tuna hakika ya kumrudisha?"

"Hakika sina, Mama Anar. Hofu yako ninaijua, hata mimi ninayo. Lakini akiendelea kulala hivi, mgongo utatoka vidonda, na kifua kitajaa hata kama korona haitapita mlango huu. Mtampoteza hapa, katikati yenu, na mmemtunza vizuri."

Kisha sauti ikatoka chumbani, kwani mzee masikio yake hayakuwa yameanguka.

"Altaf, msikilize fundi. Futikamba ile nilimuuzia mimi. Haidanganyi."

Lilibaki swali la namna ya kumwingiza hospitalini bila kumpitisha kwenye foleni ya wanaokohoa. Maduhu alipiga simu kwa Daktari Wiliam akiwa palepale ngazini. Karakana ina geti lake dogo linalotazama barabara ya nyuma, geti la kupitishia mbao. Jioni ile mzee aliingia kwa geti la mbao, akalazwa juu ya meza ya kurandia iliyotandikwa godoro na shuka safi, na kutoka hapo akapelekwa moja kwa moja kwenye picha ya eksirei. Nyonga ilikuwa imevunjika kama Maduhu alivyosema. Alfajiri gari la wagonjwa lilimchukua hadi Mwanza, akafanyiwa upasuaji, na baada ya siku tisa akarudi kwake akiwa hai, akilalamikia chakula. Tangu siku ile, kwa miezi minne, kila mzee aliyevunjika aliingia hospitali yetu kwa geti la karakana. Harufu ya vumbi la mbao iliwatuliza wengi, au labda ni Maduhu mwenyewe, aliyekuwa akiwapokea akiwa na futikamba shingoni.

Miezi iliyofuata nilikuwa nikipanda ngazi zile mara tatu kwa wiki. Mzee Taherali alinitukana kwa Kisukuma, kwa Kigujarati na kwa adabu. Fremu ya mbao aliikataa, akasema anauza vitu vya chuma maisha yake yote, hawezi kutembelea mbuzi wa mti. Altaf akamletea ya chuma. Iliteleza juu ya vigae mara moja tu, akarudi kwa mbuzi bila kutoa tamko. Maduhu naye alitumia Jumapili tatu kufunga miti ya kushika pande zote mbili za ngazi.

Tarehe 5 Septemba 2020 Mzee Taherali alishuka. Mimi nilikuwa nyuma yake, Altaf pembeni, na Maduhu alikuwa mbele yake, akishuka kinyumenyume, mikono ameifungua kama mtu anayepokea mtoto. Mikono ile haikuhitajika. Ngazi ya kumi na sita ilipoisha, mzee alivuka duka hadi kwenye kiti chake, akakaa, akatazama rafu na kusema kwamba bawaba zimewekwa mahali pa komeo. Khushbu akacheka na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwadila, Maduhu," mzee akasema. Maduhu alikwenda kusoma maandishi kwenye makopo ya rangi, akayasoma kwa muda mrefu.

Daftari linaonyesha fremu ishirini na tatu kati ya Aprili na Juni mwaka ule, na sita kuanzia Julai hadi Septemba. Sisemi ni kwa mikono yake peke yake. Shule zilifunguliwa, wajukuu walirudi, wazee wakatoka nje. Yeye mwenyewe anasema ni wajukuu. Lakini tangu hapo hospitali yetu haimruhusu mzee aliyevunjika kurudi nyumbani kabla mtu hajaenda kuitazama nyumba hiyo, alipo mlango, ilipo ndoo, ilipo njia ya choo. Utaratibu huo haukuwepo popote kwetu kabla ya fundi seremala kusoma sentimita zake.

Yaliyobaki ni ya kawaida, na ya kawaida ndiyo tutakayoyakosa. Hajibu simu akiwa anaranda. Huwezi kukaa kwenye stuli mbele yake bila yeye kuinama na kutazama miguu yake, ya stuli. Huimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili ambayo kwaya yenyewe haina. Mkewe, Mama Masudi, anasema nyumbani kwao mlango wa jikoni umekuwa ukisubiri bawaba tangu mwaka 2011. Karakana inakwenda kwa Fundi Mwanaima, aliyefanya kazi naye miaka mitatu na ambaye magongo yake, Maduhu anakiri, yana mshono mzuri kuliko wake.

Bibi Lusia, sasa miaka themanini na mmoja, ametuma ujumbe kwamba atakuja kwenye sherehe kwa miguu kutoka Nyahanga na asifuatwe na gari. Mzee Taherali atakuja na Altaf. Kutoka Runzewe Bibi Kabula amesema hawezi kuacha karanga, lakini mwanawe akimaliza hizo sherehe asichelewe.

Fundi, kwa niaba ya wodi zote, famasi na mlango wake, na watu wote waliotoka hapa kwa miguu yao, wabeja sana, asante sana. Umetupa kazi safi na moyo usiochoka. Mungu akupe siku ndefu, usingizi mzuri, na mavuno yanayokutosha wewe na mayu.

Kamati imeandaa viti sitini kwa ajili ya kukuaga. Jana asubuhi tumekuta hamsini na saba. Ulipita juzi jioni, ukavitikisa kimoja kimoja, na vitatu umevirudisha karakana.